Futi ya Babu Si Pambo la Ukutani

Ndugu msomaji, katika toleo lililopita la jarida letu hili kijana mwenzetu mmoja aliandika, kwa mbwembwe zake tunazozijua, kwamba karakana za maseremala wa Songea zimejaa makorokoro ya mkoloni. Alitaja futi za kukunja, skwea za mbao, pimamaji za zamani na bikari zilizopinda. Akashauri vitu hivyo vipelekwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na vile vyenye sura nzuri vitundikwe kwenye kuta za hoteli ili wageni wapige picha. Eti kijana wa leo anatoshwa na tepu ya dukani na simu yake ya mkononi.

Nimeisoma makala ile mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, maana jamaa anajua kuandika. Mara ya pili nilikasirika. Mara ya tatu niliona aibu, na aibu ndiyo iliyonishikisha kalamu. Yale anayotushauri mimi nimekwisha kuyatenda. Niliuza futi ya babu yangu. Kwa hiyo naomba nisikilizwe kama mtu aliyefika huko anakotaka kutupeleka, akarudi bila kitu.

Kwanza tuelewane tunazungumza juu ya nini, kwa sababu wengi wetu tunapita Lizaboni kila siku mbele ya karakana na hatujawahi kukishika kitu chenyewe. Futi ya babu ilikuwa na urefu wa futi mbili ikikunjuliwa. Ikikunjwa ilibaki inchi sita, ikaingia mfuko wa shati. Ilikuwa vipande vinne vya mti mgumu wa manjano, vimeungwa kwa bawaba za shaba, na ncha zake mbili zimevishwa shaba ili zisilike. Alama zake hazikupakwa rangi juujuu, zilichongwa kwenye mti. Pembeni iliandikwa Rabone, jina la watengenezaji wa Birmingham, Uingereza. Babu aliinunua dukani hapa mjini kwa mshahara wake wa kwanza, alipotoka kujifunza useremala Peramiho katika miaka ya 1950.

Sandukuni mwake kulikuwa na nyingine, ya Kijerumani. Hiyo ni mita mbili, vipande kumi vya sentimita ishirini kila kimoja, na viungo vyake vinashika vyenyewe kwa springi ukiinyoosha. Wajerumani walihamia mfumo wa mita mwaka 1872, lakini mpaka leo mitaani kwao kifaa hicho wanakiita fimbo ya inchi. Msiwacheke. Sisi huku kila kipimio tunakiita futi, hata kikiwa na sentimita tupu. Nenda duka lolote la mbao hapa Songea, uliza mbao ya sentimita tano kwa kumi, uone watakavyokutazama. Utaambiwa sema mbili kwa nne, urefu futi kumi na mbili. Serikali ilihamia mita mwishoni mwa miaka ya 1960. Mbao haikuhama. Fundi wa Songea anaishi katika nchi mbili za vipimo kwa wakati mmoja, na anahitaji hati za kusafiria za kote kuwili.

Sasa nije kwenye neno zito alilolitumia ndugu yetu: mkoloni. Hapa Songea neno hilo si la kuchezea. Tarehe 27 Februari 1906 wazee wetu wa Majimaji walinyongwa katika mji huu, na Makumbusho ya Majimaji pale Mahenge yanatukumbusha. Misheni ya Peramiho, iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898, ilichomwa moto katika vita hiyohiyo. Historia hiyo siipaki chokaa.

Lakini hebu tujiulize. Je, kupima tulifundishwa na mkoloni? Wahenga walipima kwa wanda, kwa shubiri, kwa mkono na kwa pima, na mikono minne ilikuwa pima moja. Misafara iliyotoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa ilipita huku Ungoni ikiwa na pembe za ndovu na, kwa fedheha yetu sote, na watu. Katika biashara ya zama zile kitambaa kilipimwa kwa mkono. Mkono wa nani? Hapo ndipo palipokuwa na maneno. Mwenye kuuza alitaka upimwe kwa mkono mfupi, mwenye kununua akatafuta mtu mrefu. Mwenye nguvu ndiye aliyekuwa na mkono.

Hiyo ndiyo maana ya kipimo kilichosimama mahali pamoja, ndugu yangu. Ni silaha ya mnyonge. Kama unabisha, muulize mkulima wa mahindi wa mkoa huu wa Ruvuma juu ya lumbesa. Gunia linajazwa, linashindiliwa, halafu linavishwa kilemba cha kamba juu yake, na bado linahesabiwa gunia moja. Wakala wa Vipimo anapambana na lumbesa miaka nenda rudi. Yule anayekupimia kwa macho na kukwambia "usijali, inatosha" ni ndugu wa damu na mwenye lumbesa. Leo unakuja wewe, kijana msomi, unatwambia kipimo ni makorokoro? Unamtetea nani?

Na kama ni kutafuta vya kwetu na vya kwao, hesabu yenyewe imechanganyika kuliko anavyodhani. Huko Marekani kulikuwa na kampuni zilizotengeneza futi za kukunja kwa pembe za ndovu, na kampuni ya Stanley ya New Britain, jimbo la Connecticut, ilikuwa mojawapo. Jimbo hilohilo ndilo lililokuwa mnunuzi mkubwa wa pembe zilizosafirishwa kutoka Zanzibar, hasa kwa ajili ya vibao vya piano. Sisemi kila futi ya pembe ilitoka kwa tembo wa Tunduru. Nasema tu kwamba ukiona futi ya namna hiyo kwenye kabati la mkusanyaji wa Ulaya, usiharakishe kusema haituhusu.

Sasa nieleze dhambi yangu.

Mimi nimemaliza kidato cha nne, sikuendelea. Mchana nafanya kazi karakanani kwa babu, usiku naandika riwaya. Mwaka juzi nilimaliza mswada wangu wa kwanza, kurasa mia mbili na kitu katika madaftari ya mistari. Kupiga chapa na kutoa nakala ni hela, na mimi nilikuwa nimechacha. Siku hizo akapita mgeni mmoja na mwenyeji wake, wanatafuta vitu vya kale. Akaiona futi juu ya meza. Akaikunjua, akaikunja, akaikunjua tena, kama mtoto. Akatoa shilingi elfu arobaini. Nikazichukua. Mgeni simlaumu, hakuiba. Aliniuliza kama naitumia, nikamjibu hatuitumii.

Ulikuwa uongo. Babu alikuwa anaitumia kila siku. Macho yake yana ukungu miaka mingi sasa, namba hazioni. Lakini futi ile ilikunjika kila inchi sita. Alipitisha vidole, akagusa bawaba ya kwanza: sita. Ya pili: kumi na mbili. Ya tatu: kumi na nane. Kutoka hapo alihesabu kwa ukucha wa kidole gumba juu ya alama zilizochongwa. Mzee asiyeona aliweza kupima mguu wa kiti na asikosee. Tepu ya dukani ni laini toka mwanzo mpaka mwisho. Kwa vidole vyake haina neno hata moja.

Kila asubuhi aliniuliza, "Mjukuu wangu, futi yangu iko wapi?" Nikasema nimeiazimisha kwa fundi wa jirani. Wiki mbili nzima nilimdanganya.

Ndipo akaja mama mmoja mjane kutoka Ruhuwiko. Alikuwa na milango mitatu ya mninga aliyoachiwa na marehemu mumewe, kila mmoja futi saba kwenda juu. Alitaka fremu tatu za mninga ziendane nayo. Tepu yangu upande wa inchi ulikuwa umefutika, maana rangi yake ilikuwa ya kupakwa tu. Nikafanya hesabu ya kijiweni. Futi saba ni inchi themanini na nne. Inchi moja ni sentimita mbili na nusu, si ndivyo tunavyosemaga? Themanini na nne mara mbili na nusu: mia mbili na kumi. Nikakata nguzo sita.

Inchi ni sentimita 2.54, msomaji. Zidisha mwenyewe. Inatoka 213.36. Ile nukta sifuri nne niliyoidharau ilirudi ikiwa sentimita tatu na zaidi. Milango haikuingia. Mwenyewe akakataa isikatwe hata kidogo, na nani angemlaumu? Nguzo sita za mninga, mti unaokua miaka na miaka, zimekuwa vipande vya kutengenezea stuli. Gharama nililipa mimi, kidogo kidogo, na zile elfu arobaini zilikuwa zimekwisha siku nyingi.

Jioni ile nilimwambia babu ukweli wote. Nilingoja bakora. Akanyamaza, halafu akasema, "Ungeniambia una shida ya hela, tungeuza kabati. Kabati tungetengeneza jingine."

Asubuhi akanituma nikatafute ufito ulionyooka. Tukaenda mpaka Ruhuwiko, nimemshika mkono. Akausimamisha ufito kwenye mlango wa kwanza, akapapasa mwisho wa mlango, akatia alama kwa kisu. Akageuza, akatia alama ya upana. Hivyo hivyo na mingine, kwa maana milango ya mkono haifanani. Hatukutaja namba hata moja. Turudipo tukakata kwa kufuata ufito, tukiacha nafasi ya mlango kucheza, na fremu zikakubali zote tatu.

Sasa ndugu yetu atanijibu: "Si umeona? Hata futi yenyewe haikuhitajika!" Hapana bwana, soma vizuri. Ufito unatosha kwa mtu aliyepima miaka sitini. Mimi nilikuwa na tepu, na simu, na cheti cha kidato cha nne, nikaharibu. Kosa halikuwa la tepu peke yake. Kosa lilikuwa kuamini kwamba kifaa kinapima chenyewe.

Wewe unayejivunia tepu yako, hivi unaijua? Kile kichuma cha mwanzoni kinachochezacheza, umewahi kujiuliza kwa nini kinacheza? Nimewaona vijana wanakigonga kwa nyundo kikaze, wakidhani kimelegea. Kumbe kimewekwa kicheze kiasi cha unene wake wenyewe, ili ukikivuta kwa nje au ukikisukuma kwa ndani sifuri ibaki sifuri. Ukikikaza, umeiharibu sifuri yako. Mafundi wa zamani walijua ncha ya kipimio ndiyo inayoliwa kwanza, ndiyo maana wengi huanza kupima kwenye alama ya kumi halafu wanaitoa kumi. Futi ya mti waliisimamisha kwa ubavu, alama ziguse mbao, jicho lisidanganywe na unene. Skwea waliijaribu hivi: chora mstari, igeuze, chora tena mahali palepale. Mistari ikiachana, skwea ni mwongo, na uwongo unaouona ni mara mbili ya ule ilio nao. Pimamaji nayo igeuze kichwa kiwe mkia: kiputo kikibadili mahali, usiijengee nyumba. Meza ipime kona kwa kona: zikilingana, imekaa mraba. Elimu hii haipo kwenye boksi la tepu. Ipo kwa wazee, na wazee wanaondoka.

Nakiri hoja zake zilizo na uzito. Tepu ni chombo kizuri. Kenchi ya mita nane huwezi kuipima kwa futi mbili, utakesha. Mtu mwenye njaa akiuza urithi wake, mimi si wa kumnyooshea kidole. Na wakusanyaji wa nchi za nje wana jema lao. Marekani wana jumuiya ya namna hiyo tangu mwaka 1933, Waingereza yao tangu 1983, na bila watu hao vitu vingi vingekuwa vimeshachomwa moto.

Lakini hapa tusikilizane kwa makini. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 shirika la Waingereza linaloitwa Tools for Self Reliance lilikusanya zana za mkono zilizokuwa zimetupwa kwenye mabanda ya wazee kule kwao. Watu wa kujitolea walizisafisha, wakazinoa, wakazitia mipini, wakazileta Afrika. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuzipokea. Kwao zilikuwa takataka au pambo. Kwetu zikarudi kuwa kazi: randa ikaranda, patasi ikachonga, watoto wakala. Halafu leo sisi wenyewe tuzitoe mezani, tuzirudishe kuwa pambo, na tuite hayo maendeleo? Zana imevuka bahari ili ifufuke, wewe unaipeleka ukutani ikafe mara ya pili!

Ndiyo, naliita kufa. Pale Mahenge kwenye makumbusho mikuki na ngao vimestahili kabati la kioo, kwa maana kazi yake imekwisha na heshima imebaki. Futi kazi yake haijakwisha. Kuitundika kwenye hoteli wakati kuna kijana anakata nguzo fupi ni sawa na kumzika mzee ambaye bado anaongea.

Mtaniuliza: jarida la fasihi na mambo ya useremala, wapi na wapi? Ndugu zangu waandishi, nakuja kwenu.

Katika ule mswada wangu uliokula futi ya babu, kuna fundi seremala. Sura ya kwanza anatoka jasho. Sura ya tatu anatoka jasho tena. Ana nyundo, ana msumeno, ana mikono yenye sugu. Kurasa mia mbili na hapimi kitu hata mara moja! Mimi, mjukuu wa seremala, ninayelala chumba cha pili kutoka karakanani, niliandika fundi asiyepima. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nakadiria. Niliandika fundi kama mgeni alivyoiona futi: kitu kizuri cha kutazama. Jasho linaonekana kwa mbali. Kidole kinachotafuta bawaba ya tatu gizani hakionekani mpaka ukae karibu.

Na ninyi wenzangu mnafanya hivyohivyo, msinione mnafiki. Nimesoma hadithi zenu humu. Mvuvi wa Nyasa ana ngalawa na machweo, hana tundu la wavu. Mama lishe ana moshi machoni, hana kipimo cha unga. Halafu tunalalamika kwamba wasomaji hawatupendi. Msomaji ni yule mama wa Ruhuwiko: anao mlango wake, anajua urefu wake. Ukimletea fremu fupi hata iwe na nakshi za namna gani, haitaingia.

Kwa hiyo nasema hivi. Aliye na futi ya kukunja nyumbani asiiuze kama bado kuna mkono unaoitumia, na kama hakuna, autafute mkono. Asiisugue kwa msasa, maana msasa unakula alama. Aipanguse kwa kitambaa chenye mafuta ya kitani, tone moja la mafuta kwenye bawaba, inatosha. Kila karakana iwe na kipimio kimoja kinachoaminika, na tepu zote zilinganishwe nacho. Na wewe kijana mwandishi, kama unataka kukusanya vya kale, kusanya: nenda na daftari, umwamkie mzee shikamoo, umwulize kila kifaa kinaitwaje, kinajaribiwaje, na lini kinadanganya. Makusanyo hayo mgeni hawezi kukununulia mezani kwa elfu arobaini.

Babu bado yupo. Nimempatia ile ya Kijerumani, anajizoeza kuhesabu viungo vya sentimita ishirini, ananung'unika kwamba ni ndefu na ina mikunjo mingi kama kesi ya ardhi. Juzi nilimkuta ameikunjua kipande kimoja kimoja, vidole vinatafuta, midomo inahesabu. Alipofika kiungo cha tatu akaanza upya. Mimi nimeutoa mswada wangu chini ya kitanda. Nimefuta sura ya kwanza yote.

Ndugu yetu wa toleo lililopita, uwanja ni wako. Lakini kabla hujanijibu, pita kwanza karakanani. Babu atakupimia kiti cha kukalia.